Kazi za Utafiti wa Ubongo Zilizo Karibu na Makwale

Sayansi ya ubongo na mishipa ya fahamu ni taaluma inayochunguza namna ubongo, uti wa mgongo na neva zinavyoendesha mwili na akili, na namna viungo hivyo vinavyoharibika kwa maradhi, ajali au uzee. Na kwa kuwa picha iliyozoeleka ya taaluma hiyo ni ya maabara zenye darubini za gharama kubwa katika miji ya Ulaya na Marekani, mwanafunzi wa sekondari katika kata ya Makwale, wilayani Kyela, huiona kuwa kazi ya watu wa mbali. Kilimo cha mpunga na kakao anakijua, uvuvi wa Ziwa Nyasa anaujua, ualimu na uuguzi anaujua pia. Lakini kwamba mtu anaweza kuajiriwa kuchunguza ubongo, tena bila kutoka nje ya Mkoa wa Mbeya, ni jambo ambalo huenda hajawahi kuambiwa na mtu. Hata hivyo utafiti wa tiba una desturi moja isiyobadilika, nayo ni kuufuata ugonjwa ulipo, na kwa kigezo hicho tambarare ya Kyela pamoja na milima ya Rungwe iliyo juu yake ni mahali penye kazi nyingi kuliko watu walioandaliwa kuzifanya.

Magonjwa yenyewe yanatosha kuthibitisha hilo. Kyela ni bonde lenye joto, mvua nyingi na maji yanayotuama, ambamo malaria imekaa kwa vizazi, na malaria kali kwa mtoto mdogo ndiyo inayoleta degedege na kupoteza fahamu, hali ambayo madaktari huiita malaria ya ubongo. Katika mito inayoteremka kwa kasi kutoka Rungwe huzaliana inzi wadogo weusi waenezao usubi, ugonjwa wa minyoo unaoweza kupofusha macho na ambao tafiti za miaka ya karibuni katika nchi kadhaa za Afrika zimeuhusisha na kifafa cha utotoni pale maambukizi yanapokuwa makubwa. Na eneo la usubi la Tukuyu, kama linavyojulikana katika mipango ya kugawa dawa, hujumuisha Rungwe, Kyela na Ileje. Kiharusi nacho, ambacho zamani kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa matajiri wa mjini, hakichagui tena. Katika utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika Wilaya ya Hai na sehemu ya Dar es Salaam, baada ya kusawazisha tofauti za umri ilionekana kwamba watu wapatao 109 kati ya kila 100,000 hupatwa na kiharusi kwa mwaka huko Hai, na wapatao 316 huko Dar es Salaam, kiwango kilichowashtua hata wataalamu wa nchi zilizozoea ugonjwa huo.

Tegu wa nguruwe, mnyoo ambaye naye huweza kuuathiri ubongo, anastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu wengi huikosea njia yake. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri na yenye vifuko vya mabuu, hupata mnyoo unaokomaa tumboni, na mnyoo huo hutoa mayai yanayotoka pamoja na kinyesi. Nguruwe anayezurura akikila kinyesi hicho, mzunguko huanza upya. Ubongo huingia hatarini pale ambapo mayai hayo, wala si nyama, yanaingia kinywani mwa binadamu kwa mikono isiyonawiwa, kwa mboga au kwa maji, kwa kuwa hapo huanguliwa tumboni, mabuu yakasafiri katika damu, na mengine yakatua ndani ya ubongo na kujenga vifuko ambavyo vinapoanza kufa huleta uvimbe na kifafa. Ina maana kwamba hata asiyeonja kitimoto maisha yake yote anaweza kuugua kwa kuishi nyumba moja na mwenye tegu tumboni, jambo ambalo wale wanaokula na wale wasiokula wangefaa kulijua kabla ya kunyoosheana vidole. Katika Wilaya ya Mbozi, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima watu 830 na kukuta katika damu ya asilimia 16.7 kati yao alama za vifuko hivyo mwilini. Baadaye hospitali za Tukuyu, Vwawa na Ifisi, zote zikiwa katika nyanda hizi za juu za kusini-magharibi, zilitumika kujaribu kipimo cha haraka cha tegu na vifuko vyake, kwa ushirikiano wa watafiti wa Tanzania na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, Ujerumani.

Kipimo hakijipimi chenyewe. Ili mgonjwa mmoja wa kifafa aingie katika utafiti wa namna hiyo, lazima awepo tabibu wa kumhoji na kumchunguza, muuguzi wa utafiti wa kumweleza lengo la kazi na kupokea ridhaa yake, yaani kibali anachokitoa kwa hiari baada ya kuelewa, mtaalamu wa maabara wa kuitunza sampuli ya damu katika baridi inayotakiwa, mpiga picha za mionzi wa kumweka katika mashine ya siti skani inayoonyesha vifuko ndani ya fuvu, karani wa data wa kuingiza majibu katika kompyuta, mtakwimu wa kuyachambua, mratibu wa kuhakikisha kwamba kila hatua inafuata itifaki iliyoidhinishwa, na dereva anayejua ni njia ipi hupitika masika. Katika orodha hiyo ndefu mtafiti mkuu ni mtu mmoja au wawili, na ndio ambao majina yao hutangulia katika machapisho. Nafasi nyingi za kazi ziko chini yao, na nyingi hazidai shahada ya uzamivu.

Zaidi ya hayo, ugonjwa wa kifafa una sifa inayompa mwenyeji nafasi ambayo mgeni hawezi kuijaza kwa urahisi. Kwa sehemu kubwa kifafa hutambuliwa kwa simulizi. Kipimo cha umeme wa ubongo, kijulikanacho kwa herufi EEG, husaidia lakini mara nyingi hutoka safi kwa mtu ambaye ni mgonjwa kweli, kwa hiyo daktari hutegemea maelezo ya yule aliyemwona mgonjwa akianguka: macho yalielekea wapi, mkono upi ulianza kutikisika, alijiuma ulimi, alijikojolea, alichukua muda gani kurudiwa na fahamu, na baada ya hapo alilala au aliendelea na shughuli zake. Maswali hayo yakiulizwa kwa Kiswahili cha kitabuni kwa bibi anayezungumza Kinyakyusa, tena katika nyumba ambamo kifafa kimefichwa miaka mingi kwa hofu ya kwamba binti hataolewa, majibu yatakuwa mafupi na ya uongo. Yakiulizwa na mtu anayejua kusalimia, kusubiri na kuzungukia jambo, ugonjwa hujitokeza. Ndivyo ulivyofanyika utafiti mkubwa wa kifafa uliochapishwa mwaka 2013 kutokana na maeneo matano ya Afrika, yakiwemo Ifakara nchini Tanzania, Kilifi nchini Kenya na Iganga-Mayuge nchini Uganda: wadadisi walianza kwa maswali mafupi katika kila kaya, waliotiliwa shaka wakahojiwa kwa kina na wafanyakazi wa nyanjani waliopewa mafunzo, na waliobaki ndio waliofikishwa kwa daktari. Ngazi mbili za kwanza, ambazo ndizo zilizogusa watu wengi zaidi, zilikuwa mikononi mwa wenyeji.

Mfano wa pili uko jirani zaidi, katika nchi ya Malawi ambayo Kyela hupakana nayo kwenye Mto Songwe. Mwaka 1989 kundi la madaktari wa Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, wakiwemo Malcolm Molyneux na Terrie Taylor, lilichapisha mizani ya kupima kina cha kupoteza fahamu kwa mtoto ambaye hajaweza kusema, na kifaa chake kikuu ni penseli. Mpimaji huibana kucha ya mtoto kwa ubavu wa penseli na kuangalia kama anauondoa mkono, kisha hukandamiza mfupa wa kifua na kuangalia kama anauelekeza mkono mahali panapouma. Hutazama kama macho yanaufuata uso wa mama. Husikiliza kama kilio ni kilio kamili, ni mguno tu, au ni kimya. Kila jibu lina alama yake, jumla ya juu ikiwa 5, na mtoto mwenye malaria anayepata 2 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa amepoteza fahamu. Mizani hiyo inafundishika kwa muuguzi wa zahanati katika muda mfupi, na imetumika katika tafiti nyingi za malaria kali barani Afrika, jambo linaloonyesha kwamba utafiti wa ubongo wenye thamani ya kimataifa unaweza kuzaliwa katika wodi iliyojaa watoto na isiyo na mitambo.

Mitambo ilikuja baadaye, mwaka 2008, Blantyre ilipopata mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, na mwaka 2015 majibu yakachapishwa. Katika watoto 168 wenye malaria ya ubongo waliopigwa picha, 25 walifariki, na 21 kati ya hao walikuwa na ubongo uliovimba vibaya. Uvimbe huo hulikandamiza shina la ubongo, sehemu inayoendesha upumuaji, na mtoto huacha kupumua wakati moyo ungali unadunda. Ugunduzi huo ukaleta swali jipya la tiba, yaani kama mtoto akisaidiwa kupumua kwa mashine kwa siku chache ataokoka, na swali hilo likadai wauguzi wa wagonjwa mahututi, mafundi wa vifaa tiba na wasomaji wa picha, kada ambazo mwanzoni hakuna aliyezifikiria. Ajira za utafiti huongezeka kwa namna hiyo, jibu moja likizaa swali linalohitaji watu wengine, na ni vigumu kuzipangia kutoka ofisini.

Kwa upande wa tiba, njia inaeleweka ingawa ni ndefu. Tabibu husoma stashahada kwa miaka mitatu baada ya kidato cha nne. Daktari husoma shahada kwa miaka mitano baada ya kidato cha sita na kufanya kazi kwa mwaka mmoja chini ya usimamizi. Akitaka kuwa bingwa wa magonjwa ya ndani huongeza takribani miaka mitatu, na akitaka ubingwa bobezi wa mishipa ya fahamu huongeza mingine tena, hivi kwamba anayeanza akiwa na miaka 20 huwa amepita 30 kabla ya kuitwa bobezi. Upasuaji wa ubongo una njia yake, ambayo kitovu chake nchini ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Uhaba ni mkubwa kupita kiasi: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba nchi maskini zina wataalamu wa mishipa ya fahamu 0.1 kwa kila watu 100,000, huku nchi tajiri zikiwa na 7.1. Serikali kwa sasa hufadhili masomo ya ubingwa na ubobezi kupitia mpango uliopewa jina la Rais Samia Suluhu Hassan, lakini anayeusubiri uhaba huo uishe kwa kuongeza mabingwa peke yao atasubiri sana.

Ndiyo maana majaribio yenye mafanikio katika ukanda huu yamekuwa yale yaliyothubutu kugawa kazi upya. Katika Hospitali ya Haydom mkoani Manyara, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alianza mwaka 2006 kumfundisha daktari msaidizi, ambaye hakuwa na shahada ya udaktari, kufanya upasuaji wa msingi wa fuvu na ubongo, naye baadaye akamfundisha mwenzake. Jambo hilo lilizua mabishano ambayo hayajaisha, kwa kuwa wapo wanaoliona kuwa kushusha viwango na wapo wanaouliza ni kiwango gani anachopata mgonjwa asiyefika Dar es Salaam. Mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa mwaka 2001 ilipokea watoto wengi wenye vichwa vikubwa, yaani waliojaa maji ndani ya ubongo, na Benjamin Warf pamoja na wenzake wa Uganda wakagundua kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wao wa mwanzo walipata hali hiyo baada ya maambukizi ya utotoni, wakabuni upasuaji usiohitaji mpira wa kutoa maji kubaki mwilini. Hospitali hiyo ilikuwa ya kutibu kwanza, na utafiti ukatokana na utunzaji mzuri wa kumbukumbu za wagonjwa.

Njia ya kitaaluma, yaani ya kufundisha na kutafiti chuoni, ni nyembamba zaidi. Mwenye shahada ya kwanza huanza kwa nafasi ya mkufunzi msaidizi, ambayo matangazo ya vyuo vya umma kwa kawaida huidai kwa wastani wa alama usiopungua 3.8, kisha hupanda kwa uzamili, uzamivu na machapisho hadi mhadhiri mwandamizi na profesa. Nafasi hizo ni chache, lakini si za madaktari pekee. Katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kampasi ya Ishaka magharibi mwa Uganda, zimefanyika tangu mwaka 2011 kozi zinazowafundisha vijana wa Afrika sayansi ya neva kwa kutumia inzi wadogo wa matunda, wale wanaozunguka ndizi iliyoiva sana, kwa sababu wanafugwa kwa gharama ndogo ndani ya chupa na chembe zao za neva hufanya kazi kwa kanuni zilezile za msingi za chembe za binadamu. Aliyesoma baiolojia, fizikia, takwimu au uhandisi wa umeme ana nafasi humo sawa na daktari, pengine zaidi, maana wagonjwa hawamngoji nje ya mlango.

Mwajiri mkubwa wa utafiti wa afya nchini ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979 na yenye vituo Mbeya na Tukuyu. Wakazi wa Kyela si wageni kwake. Utafiti wa kituo cha Mbeya pamoja na Chuo Kikuu cha Munich, uliofanyika Kyela na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba wenye vimelea vya matende katika damu walipata maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa kasi iliyozidi mara mbili ya wasio navyo. Matokeo hayo yalinukuliwa sehemu nyingi duniani, na yalitokana na watu waliokubali kutembelewa mwaka baada ya mwaka na wadadisi waliovuka mashamba ya mpunga kuwafuata. Ugonjwa huo si wa ubongo, lakini watu, maabara na uzoefu wa kufuatilia kaya ni vilevile ambavyo utafiti wa kifafa au kiharusi ungevihitaji.

Kasoro ya ajira hizo ni kwamba zinaishi kwa ruzuku. Andiko la mradi likikubaliwa na mfadhili, watu huajiriwa kwa mikataba ya mwaka mmoja au miwili. Fedha zikiisha, mdadisi aliyejifunza kumtofautisha mwenye kifafa na mwenye kuzirai kwa homa hurudi shambani au hununua bodaboda, na mradi unaofuata huanza kumfundisha mwingine. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, hutoa vibali vya utafiti, na kamati ya maadili chini ya NIMR hukagua haki za washiriki. Hakuna ubaya kutamani kwamba vibali hivyo vingedai pia mradi uonyeshe ni wenyeji wangapi watapandishwa kutoka udadisi hadi stashahada, na kutoka stashahada hadi uzamili, kabla haujafungwa. Ngazi iliyovunjika katika taaluma hii ni ya katikati. Walio chini wapo, mabingwa wachache wa juu wapo, lakini anayetoka chini kwenda juu hana pa kukanyaga, isipokuwa apate mkopo wa Bodi ya Mikopo, ufadhili wa mradi au ruhusa ya masomo kutoka halmashauri, na mara nyingi hakipati hata kimoja kwa wakati unaofaa.

Kwa hiyo mtu wa Makwale anayefikiria kazi hii kwa uzito hana sababu ya kuingoja maabara. Stashahada ya tabibu, uuguzi au maabara huweza kumpa ajira ya kudumu ambayo haitegemei ruzuku, na zahanati au kituo cha afya humpa wagonjwa ambao mtafiti wa mbali angelipa gharama kubwa kuwapata. Katika nchi maskini zaidi ya asilimia 75 ya wenye kifafa hawapati matibabu wanayoyahitaji, ingawa fenobabitali, dawa iliyoanza kutumika kwa ugonjwa huo mwaka 1912, ni ya bei ndogo na huweza kutolewa katika ngazi ya chini kabisa. Kliniki ya kifafa ya siku moja kwa mwezi, yenye daftari ambamo huandikwa kwa uangalifu umri wa mgonjwa, siku ya anguko la kwanza, idadi ya maanguko tangu ahudhurie mara ya mwisho na vidonge alivyopewa, ni huduma, na papo hapo ni mwanzo wa utafiti. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya namna hiyo mwaka 1960 kwa kutumia dawa hiyohiyo, katika jamii iliyoogopa kumgusa aliyeanguka hata akiwa anaungua motoni. Na mwaka 1992, kutokana na kumbukumbu za wagonjwa 164 wa kliniki hiyo, alichapisha taarifa ya kilichowapata katika kipindi cha miaka 30.